Watoto 62 na ngoma moja iliyopasuka

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, Chanika, Dar es Salaam. Nina watoto 62. Wazazi wengi wamehamia kutoka mikoani, kwa hiyo nina Wasukuma, Wahaya, Wamakonde, Wagogo, Wazaramo ambao ndio wenyeji, na wengine wengi. Mwezi uliopita nilimwambia kila mtoto alete wimbo wa kabila lake kwa ajili ya siku ya utamaduni. Nusu hawakuleta kitu, mmoja alilia, na mama mmoja alikuja kuniambia mwanawe asishiriki ngoma kwa sababu ya dini. Mtoto mwingine aliyetoka Bariadi, Usukumani, mwaka huu haimbi kabisa. Mwalimu mkuu naye anaona muziki unakula muda wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ngoma ninayo moja tu, na imepasuka. Nifanyeje ili muziki uwe wa kila mtoto?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kazi. Watoto 62 wa miaka mitano ni mzigo wa watu watatu, na wewe unaubeba peke yako huku ukimfikiria mmoja ambaye haimbi.

Nianze na yule aliyelia. Mtoto wa umri ule hajui kabila ni nini. Anamjua bibi yake, anamjua jirani, anaujua mchezo wa jioni kabla hajaitwa kuoga. Huenda baba yake ni Mnyaturu na mama ni Mpare, yeye kazaliwa Gongo la Mboto, na lugha iliyomlea ni Kiswahili cha mtaani. Kumwambia alete wimbo wa kabila lake ni kumtuma dukani bila kumwambia akanunue nini. Amerudi mikono mitupu mbele ya wenzake, kwa nini asilie? Usiulize kabila tena. Uliza: nyumbani kwenu nani anapenda kuimba? Anaimba akifanya nini? Mdogo wako anabembelezwaje? Ukiuliza hivyo, hata mtoto wa kona ya mwisho atakuwa na la kusema, na utashangaa ni nyimbo ngapi zimejaa darasani mwako bila hata moja kuitwa ya kabila.

Jambo hili lina historia ndefu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, alieleza kwa nini ameunda wizara mpya ya utamaduni, na akauliza ni wangapi kati ya wasikilizaji wake waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, ilhali za Wazungu walifundishwa. Swali lilikuwa la haki na bado ni la haki. Ila shuleni tumezoea kulijibu kwa jukwaa. Watoto wanavishwa lubega na kaniki, wanapangwa mistari, wanarudiarudia hatua wiki tatu nzima, mgeni rasmi anapiga makofi, kesho yake nguo zinarudi kabatini na hakuna anayeukumbuka wimbo. Sisemi siku ya utamaduni ifutwe, wazazi wanaipenda na ina heshima yake. Nasema isiwe ndiyo mlango wa kuingilia. Mlango wa mtoto wa awali ni mchezo.

Lugha yetu inalijua hilo kuliko mitaala. Tunacheza ngoma, tunacheza mpira, tunacheza kombolela, neno ni lile lile. Na ngoma yenyewe ni chombo, ni dansi, ni shughuli nzima. Mtoto hatofautishi. Anapoimba anaruka, anaporuka anahesabu, anapohesabu anamtazama mwenzake asije akamtangulia. Sisi walimu ndio tunaokuja na ratiba ya "sasa tunaimba, kaeni chini, mikono juu ya meza", halafu tunashangaa sauti zimekufa.

Chukua mchezo unaojulikana karibu nchi nzima, ule wa "nyama nyama nyama". Mmoja anaongoza, anataja mnyama, wengine wanaruka na kuitikia "nyama!" kama analiwa, na wanatulia kama haliwi. Ni somo kamili la muziki: kuna kiongozi na waitikiaji, kuna mapigo yasiyotakiwa kuyumba, kuna kimya ambacho lazima kianguke mahali pake. Kumfundisha mtoto wa miaka mitano kunyamaza kwa wakati ni kazi ngumu kuliko kumfundisha kuimba, na mchezo huu unaifanya bila mwalimu kukemea.

Siku moja nikiwa mgeni darasani, kiongozi alikuwa mtoto wa kike aliyeletwa na wazazi wake kutoka Bukoba. Kaita ng'ombe, wameruka. Kaita mbuzi, wameruka. Kaita simba, wametulia isipokuwa wawili. Kisha kwa furaha yote akaita: "Ya senene!" Akaruka peke yake. Darasa likaangua kicheko, mmoja akapiga kelele, "Wadudu!" Niliuona uso wa yule mtoto ukibadilika. Mwalimu wake, ambaye namheshimu mpaka leo kwa dakika ile, hakumkemea yeyote. Alimgeukia na kumwuliza, senene hupatikana lini? Usiku, mvua ikinyesha, kwenye taa. Mnawafanyaje? Tunawatoa mabawa na miguu, bibi anakaanga. Tuoneshe mnavyowakamata. Mtoto akaanza kunyakua hewani, huku, kule, chap, chap, na ndani ya dakika moja watoto wote walikuwa wakinyakua hewani pamoja naye, na mwalimu akawapigia makofi kwa mapigo yale yale. Ukawa mchezo mpya. Nilirudi pale baada ya miezi miwili nikaukuta ungali unachezwa, na waliokuwa wakiucheza walikuwa Wazaramo.

Hapo ndipo utamaduni ulipoingia. Hakuna aliyetangaza kwamba leo tunajifunza mila za Wahaya. Mtoto alikuwa na kitu mwilini mwake, akakitoa, wenzake wakakichukua.

Mchezo huo huo utakupeleka kwa nguruwe, jiandae. Atatajwa tu. Nusu wataruka, nusu watatulia, na hapo ndipo kanuni ya mchezo inapaswa kubadilika: kila mmoja anaruka kwa kile kinacholiwa nyumbani kwao, na hakuna anayetoka kwa kukosea. Waambie kabla hamjaanza. Ukingoja mpaka mtoto achekwe, umechelewa.

Sasa tuje kwenye nyimbo zenyewe. Mengi tunayoimba katika madarasa ya awali ni tuni za chekechea za Kiingereza zilizobandikwa maneno ya Kiswahili. Kosa lake si kwamba zimetoka nje. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni hizo mara nyingi huangusha noti nzito kwenye silabi ya mwisho, kwa hiyo watoto wanaimba "mtoTO" na "nyumBA" kama watu wanaojifunza lugha ya kigeni. Jaribu kusema mstari wa wimbo kwa sauti ya kawaida kabla hujauimba. Kama ulimi unajikwaa, badilisha tuni au tafuta maneno mengine. Michezo ya mtaani haina tatizo hilo, kwa sababu ilizaliwa mdomoni mwa wasemaji.

Kwa nyimbo za lugha nyingine za nchi yetu, ongeza uangalifu. Nyingi za lugha za Kibantu, Kisukuma na Kigogo zikiwemo, hutofautisha maana kwa toni, ukipandisha palipotakiwa kushuka umesema kitu kingine. Kwa hiyo wimbo wa Kisukuma usiuchukue kwenye karatasi. Mwite mama au babu anayeuimba, akae kwenye mkeka pamoja na watoto, auimbe mara nyingi wakimsikiliza, na wewe uwe mwanafunzi kama wao. Watoto wakikuona ukikosea na kurekebishwa na mama wa mwenzao, yule mwenzao siku hiyo hatembei, anaelea.

Zoltán Kodály, Mhungaria aliyeanza mwaka 1905 kuzunguka vijiji vya kwao akikusanya nyimbo za wakulima, baadaye aliegemeza ufundishaji wa muziki kwenye jambo hili moja: mtoto aanze na nyimbo za lugha iliyomlea. Nakubaliana naye, ila yeye alikuwa na lugha moja akilini na wewe una kumi mkekani. Ndiyo maana nakushauri Kiswahili kiwe uwanja wa wote, yaani michezo kama ukuti, mdako, nyama nyama, halafu lugha za nyumbani ziingie moja moja, kila moja ikija na mtu wake. Usizirundike zote ndani ya wiki moja.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi kwa walimu wapya. Watoto wa umri huu huimba vizuri katika eneo dogo, kama noti tano hivi. Kwa anayejua kinanda, ni kutoka D iliyo karibu na katikati hadi A iliyo juu yake. Sisi watu wazima, hasa tukiwa tumechoka, tunaanza wimbo chini mno, watoto wanashindwa kutufuata, wanaanza kupiga kelele, halafu tunasema hawajui kuimba. Anzisha juu kidogo kuliko unavyojisikia raha. Au mwache mtoto aanzishe, wewe umfuate, mara nyingi ataanzia mahali sahihi.

Kuhusu mtoto wa Bariadi. Usimlazimishe kufungua mdomo. Mtoto aliyehamishwa kutoka mahali anapoelewa kila neno na kupelekwa mahali asipoelewa hata utani, anasikiliza. Anafanya kazi kubwa kuliko wote, ila haionekani. Mlango wake wa kwanza utakuwa mwili. Niliwahi kuwa na mtoto wa namna hiyo, alikaa wiki saba bila kuimba hata neno. Siku moja tulikuwa tunacheza mchezo wa kulima, nami naonesha, naupandisha mkono na kuushusha kama mtu anayepigilia msumari. Yule mtoto akasimama, akaja mpaka mbele, akanishika kiuno akaniinamisha. Kisha akaonesha mwenyewe: magoti yamelegea, mgongo umeinama, jembe linapanda na pumzi na kushuka na pumzi. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma iliyotokana na kilimo, inayochezwa kwa majembe, na mtoto aliyekulia mashambani ameona watu wazima wakilima kwa mapigo tangu akiwa mgongoni. Alichonirekebisha mimi ni mdundo. Tukalima alivyotaka yeye. Wiki ile ile akaanza kuhema "hee!" kila jembe liliposhuka, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza katika kwaya yetu. Maneno yalifuata baadaye sana.

Mpe wako kazi ya mapigo: vijiti, ndoo, makofi. Msimamishe karibu na mtoto mmoja mpole, si katikati ya duara. Na jifunze kutoka kwa mama yake maneno matatu ya kuitikia kwa Kisukuma, uyaweke kwenye mchezo bila kusema yametoka wapi. Yeye atajua.

Mama aliyekuja kwa sababu ya dini, ulimkaribisha? Naamini ndiyo. Ukipata nafasi mwite tena, na umwulize taratibu anachokikataa hasa ni kipi. Kwa uzoefu wangu majibu hutofautiana sana. Yuko anayekataa watoto kukata viuno mbele za watu. Yuko anayehusisha ngoma na pepo. Yuko mwenye msimamo kwamba ala hazifai ila sauti ya mtu na dufu hazina neno, na mwanawe anaimba kaswida vizuri kuliko mtoto yeyote darasani. Mzazi Mkristo naye anaweza kuja kesho akidai ngoma ni ya mizimu. Usibishane kuhusu dini ya mtu mlangoni pa darasa, si mahali pake na si kazi yako. Mweleze michezo yenyewe, mwonyeshe, mwache aketi asubuhi moja aone. Halafu hakikisha sehemu kubwa ya unachofanya haihitaji ala yoyote, ni sauti, makofi, na miguu. Lisilofaa kabisa ni kumtoa yule mtoto akakae chini ya mwembe wakati wenzake wanacheza. Kama siku hiyo ipo ngoma, basi ipo pia kazi ya kuongoza maneno, na apewe yeye.

Na si kila kitu cha utamaduni ni cha watoto. Nikiwa mwalimu kijana nilijifunza wimbo kutoka kwa akina mama kwenye sherehe, mtamu, rahisi kuitikia, nikawafundisha watoto wangu wa awali. Siku ya pili bibi mmoja alinijia baada ya masomo, akanisalimia vizuri, akaketi, akasema: "Mwanangu, wimbo ule ni wa ndani." Ulikuwa wimbo wa unyago. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi hakunifokea, aliniimbia mwingine, wa kubembeleza mtoto, akasema chukua huu badala yake. Tangu siku hiyo kila wimbo ninaoupata nauliza maswali mawili: unaimbwa wakati gani, na nani anaruhusiwa kuuimba. Nyimbo za jando na unyago, za misiba, za matambiko, zina wenyewe na zina wakati wake. Kinyago cha lipiko cha Wamakonde ni sanaa kubwa, lakini kinaweza kumtisha mtoto wa miaka mitano akashindwa kulala.

Ukisikia mtu mzima anasema kupiga ngoma ni kwa wavulana, mwambie Dodoma ngoma ya muheme hupigwa na wanawake wa Kigogo, wameibana katikati ya mapaja. Wasichana wapige kwanza wiki nzima, maana wavulana wataikimbilia ngoma hata hivyo.

Mtoto asiyesikia vizuri mkalishe karibu na ndoo iliyogeuzwa, mikono yake ikiwa juu ya kitako cha ndoo. Anapata mdundo kwa viganja.

Mwalimu mkuu hana nia mbaya, anabanwa na matokeo ya darasa la kwanza na la pili. Usimwombe kipindi, mwoneshe kitu. Mwalike asikilize dakika kumi watoto wakipiga makofi kwa silabi za majina ya vitu: ma-ma, ki-ko-mbe, m-to-to. Hilo la mwisho litamvutia, kwa sababu wengi watapiga mara mbili tu na kuimeza "m", na ni watoto hao hao ambao mwakani wataandika "toto". Mchezo unaikamata "m" kabla penseli haijafika. Mdako nao ni hesabu tupu: mawe mangapi yametoka shimoni, mangapi yamerudishwa, mangapi yamebaki. Kama atataka karatasi, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, katika ibara ya 31 unataja haki ya kucheza na ya kushiriki utamaduni na sanaa pamoja. Mimi ningeanza na makofi.

Kwa idadi yako, gawa duara mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani inacheza, ya nje inaimba na kupiga makofi, kisha wanabadilishana. Dakika kumi asubuhi na kumi kabla ya kuondoka zinatosha kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Vifaa tengeneza: vifuu vya nazi Chanika havikosekani, vijiti vya mti mgumu, chupa za maji zilizotiwa kokoto ndogo. Vifuniko vya chupa vibandike kwa gundi na uvizungushie utepe, maana kokoto mbili mdomoni mwa mtoto mdogo ni hatari.

Na ngoma yako usiitupe. Nenda mnada wa Pugu, si mbali na ulipo, uulize wachinjaji ngozi ya mbuzi. Miongoni mwa wazazi na babu za watoto wako 62 hakosekani mtu anayejua kuwamba. Mwombe aje aiwambe darasani, siyo nyumbani kwake. Ngozi iwe imelowekwa usiku kucha mpaka imelegea, watoto waishike ikiwa na maji, wainuse, wamwone akivuta kamba upande huu na upande huu mpaka ikae sawa. Itahitaji siku kadhaa kukauka, na kila asubuhi watakwenda kuichungulia. Ikishakauka, ipasheni juani kabla ya kuipiga, na fundi aipige yeye kwanza. Watakuuliza kwa nini inanuka, wajibu. Siku ya kuwamba, mtoto wa Bariadi mpe kamba ashike.